Mgeni Mpaka Lini?

Vijana wenzangu, Tabora yetu ipo kwenye njia ya zamani ya misafara, kati ya Ujiji na Bagamoyo, wageni tumewazoea. Waliokimbia mauaji Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, wakalima. Mwaka 2010 wakimbizi zaidi ya 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa uraia, ila kwanza wahamie mikoa mingine. Wakasubiri vyeti. Sharti hilo lilipoachwa, mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa.

Serikali ilishamaliza, mimi bado. Mwenzangu wa kwaya, aliyezaliwa hapahapa, nilikuwa namwita "Mrundi". Nimemwomba msamaha. Hata Yesu alikuwa mkimbizi Misri. Wewe je, nani bado unamwita mgeni?