PIKAPU IKITETEMEKA: TAFUTA CHANZO KABLA YA KUNUNUA VIPURI

Mkulima mwenye pikapu ya zamani huitegemea kwa mengi: maziwa ya asubuhi, magunia ya viazi, mbolea, na pengine mgonjwa usiku. Pikapu hiyo ikianza kutetemeka, wengi hukimbilia dukani. Leo hununua tairi, kesho krosi, kesho kutwa beringi, na mtetemeko uko palepale. Somo la mwezi huu lakufundisha kuliuliza gari lenyewe kwanza.

Jinsi nguvu zinavyofika nyuma

Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu za injini hupita giaboksi, kisha huchukuliwa na propela, yaani ule mwanzi mrefu wa chuma chini ya gari, mpaka kwenye difu. Kila mwisho wa propela una krosi, kiungo cha umbo la msalaba ambacho huiruhusu propela kupanda na kushuka pamoja na springi.

Katika magari mengi ya namna hii propela huzunguka karibu mara 4 gurudumu linapozunguka mara 1. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gurudumu ambalo mzingo wake ni meta 2 huzunguka mara 8 hivi kila sekunde, na propela zaidi ya mara 30. Kwa hiyo gurudumu bovu hutikisa gari polepole, lakini propela mbovu huleta mtetemo wa harakaharaka, kama mvumo, unaosikika sakafuni na kitini.

Majaribio manne

Fanya haya gari likiwa tupu, katika barabara iliyonyooka isiyo na watu.

1. Gari likiwa limesimama na gia ikiwa huru, kanyaga mafuta polepole. Likitetemeka hapo, propela haina hatia. Tazama injini na mipira inayoishikilia.

2. Endesha kwa mwendo ule unaoleta mtetemeko, kwa gia ya nne. Kisha shika mwendo uleule kwa gia ya tatu, bila kuilazimisha injini. Mtetemeko usipobadilika, chanzo kiko nyuma ya giaboksi: propela, difu au magurudumu. Ukibadilika, rudi kwenye injini na klachi.

3. Katika mwendo huo, inua mguu kwenye mafuta. Mtetemeko ukikoma, kisha ukarudi unapokanyaga tena, shuku krosi, mpira wa giaboksi au springi.

4. Hamisha magurudumu ya nyuma yaende mbele. Mtetemeko ukihamia kwenye usukani, kosa ni la tairi au rimu.

Gari likitetemeka wakati wa kuondoka tu, angalia jambo moja zaidi. Likiacha mara unapoachilia klachi kabisa, tazama klachi. Likiendelea, na propela yako ni ya vipande viwili, tazama beringi ya katikati na mpira wake.

Kukagua chini ya gari

Weka gari mahali tambarare, zima injini, toa ufunguo, na uzuie magurudumu kwa mawe au vipande vya miti, mbele na nyuma. Usiitegemee breki ya mkono peke yake. Katika Land Rover za zamani breki hiyo hushika propela, si magurudumu. Ukiifungua propela ya nyuma, gari laweza kuondoka. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Weka gia huru, kisha tazama haya:

(a) Matope makavu yaliyoganda kwenye propela. Yabandue. Hata hayo hutosha kuiondolea usawa wake.

(b) Mahali palipobonyea, au alama ya kibati kidogo kilichong'oka. Vibati hivyo huchomelewa ili kuisawazisha propela.

(c) Bolti na nati za kila mwisho. Zote ziwepo na zikaze.

(d) Krosi. Shika pande zake mbili na uzizungushe kinyume kwa mikono. Zisicheze hata kidogo. Vumbi jekundu la kutu kando ya vikombe vyake laonyesha kwamba grisi imekwisha. Mchezo mdogo ndani ya difu ni wa kawaida. Usiudhanie kuwa ni wa krosi.

Swali la kujiuliza

Mtetemeko ulianza baada ya kazi gani? Krosi moja ikiwa katika pembe haizunguki sawasawa: huharakisha na kupunguza mara 2 katika kila mzunguko. Krosi ya pili hurekebisha kosa hilo, mradi uma za propela zielekee upande mmoja na pembe za krosi zilingane. Kwa hiyo fundi akiivuta ile sehemu yenye meno inayoteleza, kisha akairudisha jino moja pembeni, krosi mpya pia zitatetemeka. Vivyo hivyo, ukiongeza mabamba ya springi ili kubeba mzigo mkubwa, pembe hubadilika.

Kabla ya kufungua propela, tia alama ya rangi pande zote za kila kiungo, kisha uirudishe kama ilivyokuwa.

Onyo

Ukisikia mlio wa kugonga unapobadili kutoka mbele kwenda nyuma, au ukiona krosi inacheza, usipakie watu wala mzigo. Propela ikikatika upande wa mbele yaweza kuchoma barabara na kulipindua gari, au kukata bomba la breki. Afadhali maziwa yachelewe siku moja.

Andika majibu ya majaribio yako kwenye karatasi na umpe fundi. Fundi aliyeambiwa mtetemeko huja lini hana haja ya kubahatisha kwa fedha zako.