Maumivu Makali ya Mgongo: Mwongozo kwa Anayesubiri Matibabu

Kipeperushi hiki kimekusudiwa wasemaji wa Kiswahili waishio Uingereza ambao wanaumwa mgongo, wameandikiwa kuonana na mtaalamu, na siku yao haijafika. Kusubiri huko kwaweza kuchukua wiki kadhaa, na mara nyingine miezi. Yapo mambo mengi ambayo mgonjwa aweza kuyafanya katika muda huo ili maumivu yapungue. Yapo pia machache ambayo yakitokea hayaruhusu kusubiri hata siku moja, na hayo ndiyo yanayotangulizwa hapa.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa apige simu 999 au apelekwe mara moja katika idara ya dharura ya hospitali iwapo maumivu ya mgongo yanaambatana na lolote kati ya haya:

- ganzi katika sehemu za siri, matakoni, au kuzunguka njia ya haja kubwa;
- kushindwa kukojoa, kukojoa kwa shida, kutohisi mkojo unapopita, au kutokwa na haja ndogo au kubwa bila kujizuia;
- udhaifu, ganzi au maumivu katika miguu yote miwili, hasa yakizidi;
- kubadilika kwa ghafla kwa hisia au nguvu za tendo la ndoa;
- maumivu ya kifua, au maumivu ya mgongo yaliyoanza baada ya ajali kubwa.

Dalili nne za mwanzo zaweza kuonyesha kwamba fungu la neva lililo mwishoni mwa uti wa mgongo limebanwa. Hali hii ni nadra, lakini huhitaji kuchunguzwa na mara nyingi kupasuliwa kwa haraka. Neva hizo zikibanwa kwa muda mrefu, mtu aweza kupoteza kabisa uwezo wa kuzuia haja zake, au nguvu za miguu.

Watu wengi huona haya kuyataja mambo haya, hasa mbele ya daktari wa jinsia nyingine au mbele ya watoto wao. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa ana haki ya kuomba daktari au muuguzi wa jinsia yake pale inapowezekana, na kuomba awepo mtu wa kumsindikiza wakati wa kupimwa. Hata hivyo, katika dharura hii asikubali kucheleweshwa kwa sababu hiyo.

Dalili za kumwona daktari wa familia upesi

Asiyekuwa na dalili za dharura awasiliane na daktari wake wa familia bila kuchelewa ikiwa ana homa, anatokwa na jasho jingi usiku, anapungua uzito bila sababu, amewahi kuugua saratani, au maumivu hayapungui hata akilala. Kwa mtu aliyewahi kuishi mahali penye kifua kikuu kingi, au na mgonjwa wa maradhi hayo, jambo hili lina uzito zaidi, kwani kifua kikuu huweza kushika pingili za uti wa mgongo hata kama mtu hakohoi. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika NHS ni bure kwa kila mtu, awe na kibali cha ukaazi au asiwe nacho.

Kujongea kuliko kulala

Zamani mwenye maumivu ya mgongo aliambiwa alale kitandani hadi apone. Ushauri huo umeachwa. Mtu akilala siku nyingi misuli hulegea, viungo hukakamaa, na mgongo hurudi kazini ukiwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Maumivu mengi ya mgongo hutokana na misuli, kano na viungo vilivyokazwa, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Kuumia wakati wa kutembea si lazima kuwe na maana kwamba kuna kitu kinachovunjika ndani.

Inafaa mgonjwa atembee kidogo mara nyingi kwa siku, hata kama ni kutoka chumbani hadi mlangoni, kisha aongeze hatua kadiri siku zinavyokwenda. Asikae au kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Akiona siku moja ni nafuu, asijaribu kufanya kazi zote zilizomlimbikia, kwani kesho yake huenda asiweze kunyanyuka.

Kulala, kuamka na kukanda

Anayelala ubavu aweke mto katikati ya magoti. Anayelala chali aweke mito chini ya magoti. Wakati wa kuamka asijiinue moja kwa moja. Ageuke kwanza ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono hadi akae.

Chupa ya mpira yenye maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa hulegeza misuli iliyokaza. Wengine hupata nafuu kwa baridi: pakiti ya mbogamboga zilizogandishwa, iliyozungushiwa taulo, kwa muda usiozidi dakika 20. Kukandwa kwa mikono laini hakuna ubaya. Lakini mgonjwa asikanyagwe mgongoni, wala asinyongwe kiuno ili kialike, kwani huenda akaongezewa madhara.

Matumizi ya dawa

Mfamasia hutoa ushauri bila miadi na bila malipo. Dawa ya aina ya ibuprofen husaidia wengi, lakini haimfai kila mtu. Asiitumie kabla ya kuuliza mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au moyo, pumu, shinikizo la damu, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Huliwa pamoja na chakula, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache.

Parasetamoli peke yake mara nyingi haitoshi kwa maumivu ya mgongo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24, na aangalie vizuri, kwani dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Dawa zenye kodini zinazouzwa bila cheti zisitumiwe zaidi ya siku 3. Hufunga choo, huleta usingizi, na mwili huzizoea.

Dawa kali kama tramadol hutolewa Uingereza kwa cheti cha daktari tu. Asipewe jirani, wala zisitumiwe zilizoletwa na msafiri. Anayetumia dawa za mitishamba amweleze daktari, maana baadhi hazipatani na dawa za hospitali.

Swala na saumu

Kwa Mwislamu anayeumwa, dini imeweka wepesi. Asiyeweza kusimama huswali akiwa ameketi, na asiyeweza kurukuu au kusujudu huashiria kwa kichwa. Kujilazimisha kusujudu huku mgongo ukikataa si sharti la swala. Katika Ramadhani, mgonjwa asiunganishe dozi za mchana na kuzila zote wakati wa kufuturu. Amwulize mfamasia namna ya kuzigawa kati ya futari na daku. Ambaye hali yake haimruhusu kufunga anayo ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Kueleza maumivu

Kwa Kiswahili neno kiuno hubeba maana nyingi, na mkalimani aweza kulitafsiri kama nyonga au mgongo wa chini. Ni vyema mgonjwa aonyeshe kwa kidole mahali panapouma, na aandike mapema maelezo mafupi. Mathalani, mama ahudumiaye wazee aweza kuandika hivi:

*Maumivu yalianza wiki 3 zilizopita nilipomwinua mtu. Yanaanzia chini ya mgongo upande wa kushoto, yanashuka nyuma ya paja hadi kwenye wayo. Yanachoma kama moto nikikaa, yanapungua nikitembea. Siwezi kulala zaidi ya saa mbili mfululizo. Mkojo na choo ni vya kawaida.*

Maelezo kama hayo humsaidia daktari kuliko kusema tu kwamba mgongo unauma sana. NHS hutoa mkalimani bila malipo, na aombwe wakati wa kuweka miadi. Mtoto asifanywe mkalimani.

Mgonjwa asivunjike moyo asipopigwa picha. Picha za mgongo mara nyingi huonyesha mabadiliko ya umri ambayo hata watu wasioumwa wanayo, na hazibadilishi matibabu.

Kazi na foleni

Kwa siku 7 za mwanzo za kutokuwapo kazini mwajiri hawezi kudai cheti cha daktari. Mfanyakazi hujieleza mwenyewe. Baada ya hapo cheti huhitajika, nacho chaweza kusema kwamba mtu anaweza kufanya kazi nyepesi au saa chache. Kwa anayeinua mizigo au wagonjwa, maneno hayo yaweza kumhifadhia ajira na mgongo pia.

Barua za hospitali zitunzwe. Anayehama au kubadilisha namba ya simu aarifu mara moja kwa daktari wa familia na kwa hospitali, kwani anayekosa miadi huweza kurudishwa mwanzo wa foleni. Hali ikizidi kuwa mbaya, mgonjwa amrejee daktari wa familia na kumwomba aiandikie hospitali ili ombi lake liangaliwe upya. Katika maeneo mengi inawezekana pia kujiandikisha moja kwa moja kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji uthibitisho wa kibali cha ukaazi.

Kwa kumalizia

Maumivu ya muda mrefu huchosha moyo pia. Anayejiona amekata tamaa amweleze daktari jambo hilo kama anavyoeleza maumivu yenyewe. Kwa ushauri wa saa 24, piga 111, simu ni bure. Mtu akitaja kwa Kiingereza neno *Swahili* ataunganishwa na mkalimani. Kwa dalili zilizotajwa mwanzoni, piga 999.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari.