Tarehe ya Cheo: Kijitabu kwa Maafisa Wazungumzao Kiswahili katika Majeshi ya Marekani na Familia Zao

Kapteni anaweza kukaa miaka minne bila kujua kwamba tarehe ya cheo chake imekosewa. Mshahara unaingia, saluti anapigiwa, hakuna kinachomshtua. Anakuja kujua siku inapotoka orodha ya wanaofikiriwa kuwa Meja: wenzake aliokula nao kiapo wamo, yeye hayumo. Akiuliza anaambiwa muda wake haujafika. Muda gani, na wao waliapa siku moja?

Tumeandika kwa Kiswahili ingawa afisa mwenyewe Kiingereza anakijua, kwa sababu mara nyingi karatasi zinazohitajika ziko mikononi mwa watu wengine. Cheti cha uuguzi kiko kwa mama, Kisumu. Barua ya hospitali ya kwanza iko kwenye sanduku la mjomba, Bukavu. Atakayetumwa kuzitafuta anapaswa kuelewa anatafuta nini na kwa nini.

Na Kiswahili si kigeni jeshini humo. Kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa katika mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2008 na kusimama mwaka 2016, uliowaruhusu wahamiaji wasio na makazi ya kudumu kuingia jeshini kwa ajili ya lugha au taaluma zao. Aliyeingia hivyo kama askari, akapata uraia kisha akasoma hadi akatunukiwa kamisheni, ndiye msomaji tuliyemfikiria kwanza.

Tarehe mbili kwa cheo kimoja

Kila cheo cha afisa kina tarehe mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni tarehe ya cheo yenyewe, inayoonyesha ukubwa wako mbele ya wenzako wa daraja lako. Ya pili ni tarehe cheo kilipoanza kutumika, na malipo hufuata hiyo. Mara nyingi zinalingana, lakini si lazima. Mtu anaweza kuwa Kapteni kwa mshahara kuanzia Juni huku tarehe ya cheo chake ikihesabiwa tangu Januari ya mwaka uliotangulia.

Tarehe ya cheo ndiyo inayosukuma mambo mbele. Sheria inamtaka Luteni Usu akae miezi 18 kabla ya kupanda, Luteni miaka 2, na kuanzia Kapteni hadi Luteni Kanali miaka 3 katika kila daraja kabla ya kufikiriwa kwa linalofuata. Ikisogezwa mbele kwa mwaka mmoja kimakosa, mwaka mzima wa kusubiri umeongezwa. Na kosa haliishii hapo. Anayetaka kustaafu kwa hiari akiwa na cheo cha juu ya Meja hutakiwa kwa kawaida awe amekitumikia miaka 3, ingawa wakubwa wanaweza kuipunguza hadi 2. Luteni Kanali aliyepungukiwa miezi kwa sababu ya kosa la karani anaweza kujikuta anastaafu kama Meja.

Kosa huingilia wapi

Mlango mkubwa, hasa kwa watu wetu, ni hesabu ya miaka ya taaluma. Madaktari, wauguzi, wanasheria na makasisi hawaanzi wote chini kabisa. Masomo yao ya juu, na kwa baadhi yao kazi waliyoifanya baada ya kufuzu, hubadilishwa kuwa miaka ya kuhesabiwa, na miaka hiyo huamua cheo cha kuanzia na tarehe yake. Tuseme muuguzi aliyefanya kazi Eldoret kabla ya kuhamia Texas. Barua ya mwajiri wa kwanza haikufika kwa wakati, anayekokotoa akaiacha miaka ile nje, muuguzi akaapishwa na hesabu pungufu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini namba iliyoandikwa siku ile itamfuata mpaka mtu aifute.

Mlango wa pili ni kuhama kati ya jeshi la kudumu, jeshi la akiba na Gadi ya Taifa, ile iliyo chini ya magavana wa majimbo. Katika Gadi, jimbo linaweza kumpandisha afisa leo, lakini serikali kuu haikitambui cheo hicho mpaka jina lake lipite katika orodha inayotiwa saini Washington. Orodha hizo zimewahi kuchelewa kwa miezi mingi, na maafisa wakavaa cheo kipya jimboni huku wakilipwa cha zamani. Bunge liliingilia: uchelewaji unaozidi siku 100 tangu maombi yakamilike, usiotokana na afisa mwenyewe, sasa unafungua njia ya kuirekebisha tarehe. Aliyepandishwa katika Gadi alinganishe amri ya jimbo na ya serikali kuu, azihesabu siku zilizo katikati.

Kuna pia ripoti ya tathmini isiyowekwa jaladani kabla bodi ya uteuzi haijakaa, kozi ya lazima iliyomalizwa lakini mfumo ukaendelea kuonyesha haijamalizwa, na tarakimu zilizopinduliwa tu. Kwetu 04/03 ni tarehe nne Machi. Marekani ni tarehe tatu Aprili. Jeshi lenyewe hukwepa mtego huu kwa kuandika mwaka kwanza au kutaja mwezi kwa herufi, lakini vyeti vya nyumbani havikwepi. Majina nayo yana vituko vyake. Mtu mwenye majina matatu, la mwisho likiwa la babu, huandikwa hapa kwa la pili na pale kwa la tatu, na ripoti zake zikagawanyika kana kwamba ni za watu wawili.

Tuwe wa haki: si kila uchelewaji ni kosa. Mwaka 2023 seneta mmoja alizuia kwa miezi upandishwaji wa maafisa wa ngazi za juu zaidi ya 400, mpaka alipolegeza Desemba. Hayo yalikuwa siasa, hakuna karani aliyekosea. Kabla hujaandika neno lolote, jiulize kama kuna kanuni iliyovunjwa au karatasi iliyokosewa. Kama jibu ni hapana, kijitabu hiki hakitakusaidia.

Anzia chini

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu, na kwamba karatasi ya afande haihojiwi. Hapa tunasema bila kuzungusha: kuomba tarehe yako isahihishwe si kumshitaki mtu. Ni kazi ya ofisi. Nenda kwanza ofisi ya utumishi ya kikosi, ile wanajeshi wa nchi kavu waiitayo S-1, ukiwa na nakala mbili za amri ya kupandishwa. Kosa la kuchapa linaweza kumalizika hapo hapo kwa amri ya marekebisho.

Wakishindwa, shauri hupanda hadi makao ya utumishi ya jeshi husika: Fort Knox, Kentucky, kwa jeshi la nchi kavu, San Antonio, Texas, kwa jeshi la anga, Millington, Tennessee, kwa jeshi la majini. Omba jibu la maandishi hata likiwa la kukataa. Hasa likiwa la kukataa, kwa kuwa bodi tutakayoitaja itataka kuona kwamba ulibisha hodi milango ya chini kwanza.

Ukiona unazungushwa, unaweza kumwandikia mbunge wa eneo lako, na sheria inakataza mtu yeyote kumzuia au kumwadhibu mwanajeshi kwa kufanya hivyo. Barua ya mbunge haibadilishi tarehe. Inafanya jalada litoke chini ya rundo.

Bodi ya kusahihisha kumbukumbu

Kabla ya mwaka 1946, mwanajeshi aliyekosewa hakuwa na pa kwenda isipokuwa kumbembeleza mbunge apeleke muswada unaomhusu yeye peke yake. Muswada mzima wa sheria kwa kosa la mtu mmoja! Bunge lilichoka, na katika sheria ya mwaka huo ya kujipanga upya likawapa mawaziri wa majeshi mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu kupitia bodi za raia. Wanaoamua si wanajeshi walio kazini, na hilo ni la makusudi. Nchi kavu ina bodi yake. Majini na Marine wanatumia moja. Anga na anga za juu moja. Walinzi wa pwani wana yao.

Maombi hufanywa kwa fomu ya DD 149. Ni bure, na wakili si lazima. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe ikiona haki inadai hivyo. Aliyechelewa asikate tamaa. Aeleze kwa uwazi aligundua lini na kwa njia gani.

Bodi huanza na dhana kwamba kumbukumbu ziko sahihi. Mzigo wa kuthibitisha kinyume ni wako, na kipimo ni ushahidi unaoelemea upande wako kuliko wa pili. Mara nyingi itaomba maoni ya kitaalamu kutoka ofisi ileile iliyokukatalia. Nakala ya maoni hayo ni haki yako, pamoja na muda wa kuyajibu. Jibu, kwa sababu wapo wanaonyamaza wakidhani fomu imeshasema yote, na maoni yale yanabaki bila kupingwa. Sheria inazitaka bodi zimalize sehemu kubwa ya maombi ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18.

Karatasi ya siku ile

Hapa ndipo tungependa msomaji akae zaidi. Katika mashauri ya tarehe, karatasi iliyoandikwa siku jambo lilipotokea ina uzito kuliko barua nzuri iliyoandikwa leo. Kanali wako wa zamani anaweza kukuandikia kurasa tatu akikumbuka kwamba ulistahili mwezi Mei. Barua pepe ya mstari mmoja ya Mei ile, isemayo kifurushi chako cha kupandishwa kimepokelewa kikiwa kamili, itamshinda.

Kwa hiyo kusanya: amri zote za kupandishwa, hata zilizofutwa, hati ya kiapo, karatasi ya hesabu ya miaka ya taaluma, orodha ya uteuzi yenye jina lako, cheti cha kozi chenye tarehe ya kuhitimu, stakabadhi za mshahara za miezi miwili kabla na miwili baada, barua pepe zenye saa na tarehe. Kisha zipange kwa mfuatano wa wakati, na juu yake weka ukurasa mmoja wenye safu tatu: tarehe, kilichotokea, karatasi inayothibitisha. Penye pengo, acha pengo lionekane na ulieleze. Miezi iandike kwa maneno. Hati ya Kiswahili au Kifaransa iambatane na tafsiri iliyosainiwa na mfasiri, na ya asili usiitoe mkononi.

Maelezo yako yawe mafupi. Sema tarehe iliyopo, tarehe inayopaswa kuwapo, kanuni iliyokiukwa na madhara uliyopata. Usiingize ugomvi na mkuu wa kikosi hata kama ulikuwepo. Tumeona maombi yenye hoja imara yakizama ndani ya kurasa za malalamiko, msomaji akashindwa kuipata tarehe yenyewe.

Bodi haigawi vyeo

Kusahihisha tarehe ya cheo ulichonacho ni jambo moja. Kupewa cheo ambacho hukuchaguliwa ni jambo jingine. Kama kosa lilikufanya usifikiriwe kabisa, au ufikiriwe na jalada lenye kasoro kubwa, kwa kawaida shauri hupelekwa kwenye bodi maalumu ya uteuzi. Hiyo hulitazama jalada lako kama lingeonekana siku ile bila kosa, na kulilinganisha na sampuli ya majalada ya waliochaguliwa na walioachwa wakati ule. Ukichaguliwa, unapata tarehe na malipo ambayo ungeyapata na wenzako. Usipochaguliwa, angalau umepimwa kwa jalada lako halisi.

Wajane, watoto, na majalada yaliyoungua

Haki ya kuomba haifi na mwenye cheo. Mjane au mrithi anaweza kuomba. Ugumu ni karatasi. Julai 12, 1973, moto uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 katika kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri. Yaliyoumia zaidi ni ya jeshi la nchi kavu ya walioondoka kati ya 1912 na 1960. Kwa familia kama hizo nakala iliyobaki nyumbani inaweza kuwa ndiyo pekee duniani, kwa hiyo usiitupe bahasha ya baba kabla hujaipekua.

Mfano wa maombi ya baada ya kifo ni Henry Flipper, Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, aliyefukuzwa jeshini mwaka 1882 kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Alifariki mwaka 1940. Mwaka 1976 bodi ya jeshi la nchi kavu, ikijibu maombi yaliyoletwa kwa niaba yake, ilibadilisha kumbukumbu ionekane aliondoka kwa heshima Juni 30, 1882. Lakini hukumu yenyewe bodi haikuwa na uwezo wa kuifuta. Msamaha ulitoka kwa Rais Clinton mwaka 1999. Mpaka huo ungalipo, na mwenye shauri linalotokana na hukumu ya mahakama ajue anakwenda kwenye mlango mwingine.

Uamuzi ukishatoka

Ukikataliwa, unaweza kuomba upya ukiwa na ushahidi ambao bodi haikuuona. Madai ya fedha yanaweza pia kufika mahakama ya serikali kuu, ambako muda ni miaka 6, na hapo sasa tafuta wakili.

Ukikubaliwa, usifunge faili bado. Uamuzi huenda kwa ofisi ya fedha ya ulinzi, DFAS, ikokotoe malimbikizo. Pitia hesabu hiyo mwezi kwa mwezi, na uulize kuhusu kodi kabla hujazitumia fedha hizo. Kisha fungua jalada lako na utazame kama tarehe mpya imeingia kila mahali: amri, muhtasari wa afisa, na ripoti ya tathmini inayofuata, ambayo ina kisanduku cha tarehe ya cheo. Karani anayeijaza anaweza kunakili kutoka ripoti ya mwaka jana. Msomee kisanduku hicho kwa sauti kabla hujasaini.