Rampu, fundi na msaidizi: panga pesa kabla mvua haijaanza

Tuseme unaishi Kaaga, Meru, unatumia kiti cha magurudumu, na ngazi ya mlangoni kwako ina kimo cha sentimita 25. Mvua ya Oktoba yaja. Uanzie wapi?

Anza na msaidizi. Ukuta unaweza kungoja mwezi mmoja, kuoga hakungoji. Akija Jumatatu na Alhamisi kwa shilingi 400 kwa siku, usiandike tu 3,200 kwa mwezi. Miezi mingine ina siku tisa za kazi, yaani 3,600. Ile 2,000 ya Inua Jamii, kama unaipata, haifiki hapo, kwa hivyo lijue pengo mapema.

Sasa rampu. Kipimo kinachotumika sana ni urefu mara 12 ya kimo: sentimita 25 zinataka mita 3. Fundi akikuambia mita moja na nusu inatosha, anaokoa saruji, si mgongo wako. Saruji na kokoto zilipie mwenyewe kwenye tili ya duka, risiti ibaki kwenye meseji. Pesa ya ufundi igawe mara mbili. Ya mwisho itume zege likishakauka, nawe umepanda na kushuka na kiti chako.

Halafu PIN. Tunajua, siku zingine mikono imechoka na msaidizi ni kama mtoto wa nyumbani. Bado usimpe. Akushikie simu, wewe ubonyeze. Akiomba advansi, mtumie kwa laini yake, ndio mwisho wa mwezi mhesabu meseji, msibishane.