Wafiche Watoto Dawa, Usimfiche Mwenzi Wako



Wako waume wanaoweka dawa za presha katika mfuko wa koti, na wake wanaozificha chini ya godoro, ili mwenzi asijue. Huona haya, au huogopa kuhesabiwa wagonjwa. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tena pahali pa siri kama hapo mtoto hupapasa upesi.

Presha ikifika 140/90 au zaidi, na ikarudia hivyo ikipimwa siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Mara nyingi haiumi. Kwa hiyo mtu hujiona mzima akaacha vidonge, kumbe moyo na figo vinaharibika polepole, na huenda akapatwa na kiharusi. Dawa ni ya kila siku, hata unapojisikia vizuri.

Mwenzi anayejua husaidia. Atapunguza chumvi jikoni, kwani chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isifike kijiko kizima cha chai. Atakumbusha saa ya dawa bila kugomba. Nanyi mtakwenda kliniki pamoja.

Yako pia mambo yanayowahusu wawili. Baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto tumboni; mama anayetazamia kushika mimba amwambie daktari mapema. Baba akiona nguvu za kiume zimepungua, asitupe vidonge kimyakimya. Amweleze daktari, ambaye aweza kumbadilishia dawa.

Je, ziwekwe wapi? Katika sanduku lenye kufuli, mahali pa juu, pakavu, mbali na jiko na jua la dirishani. Ziacheni katika pakiti zake zenye jina na tarehe ya kuisha. Msimgawie jirani. Zilizopitwa na wakati, mwulizeni mfamasia namna ya kuzitupa. Wala msiwaambie watoto kwamba vidonge ni peremende: hata kidonge kimoja cha presha chaweza kuhatarisha maisha ya mtoto mdogo. Akimeza, msingoje dalili. Mkimbizeni hospitali, na pakiti mkononi.

Siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Leo jioni, watoto wakiisha kulala, kila mmoja amwulize mwenzake: "Kuna dawa unayotumia nisiyoijua?" Jibuni kwa upole na ukweli. Kisha ufunguo wa sanduku mjue nyote wawili ulipo.