Ngawira ya Baharini na Amana ya Hukumu

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa bara na bahari, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: somo hili lahusu mali inayokamatwa baharini wakati wa vita, yaani marikebu na shehena zake, na jinsi serikali inavyopaswa kuishika mali hiyo mpaka hukumu itoke. Huenda mtu akauliza, "Jambo hili lawahusuni watu wa mitumbwi na majahazi?" Jawabu ni kuwa lawahusu sana, kwa sababu asili yake ni mlango wa amana, na hakuna Mwislamu asiyeshika amana ya mtu, ndogo au kubwa.

FASILI YA KWANZA: NGAWIRA KABLA YA KUGAWIWA

Vita vya Badri vilipokwisha, mwaka wa 2 wa Hijra (624), watu walikhitilafiana juu ya mali iliyopatikana, na Sura ya Anfal ikashuka kukata maneno. Katika aya ya 41 ya sura hiyo imebainishwa khumsi, yaani fungu moja katika matano, na wanaostahiki kupewa. Mafungu manne yaliyobaki ni ya wapiganaji. Ama mali iliyopatikana bila ya kupigana huitwa fai, na hukumu yake ni mbali, nayo imetajwa katika Sura ya Hashri.

Jambo la kutazamwa hapa ni ule muda ulio baina ya kukamata na kugawa. Katika muda huo mali si ya aliyeishika mkononi, wala si ya amiri wa jeshi. Ni amana. Atakayechukua kitu humo kwa siri amefanya ghululi, na katika Sura ya Al Imran, aya ya 161, amekhofishwa kuwa atakuja na alichokichukua Siku ya Kiyama.

Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya Midam, mtumwa aliyekuwa akimtumikia Mtume (sala na salamu zimfikie). Baada ya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra (628), alipigwa mshale alipokuwa akiteremsha mizigo katika safari, akafa. Watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume akawakatalia, akawaeleza ya kuwa lile joho alilolitwaa katika ngawira ya Khaibar kabla ya kugawiwa linamwakia moto. Waliposikia hayo, akaja mtu ameshika ukanda wa kiatu, au kanda mbili, akazirudisha. Akaambiwa kuwa hizo pia zingekuwa za moto.

Na atazame msomaji: joho lilikuwa la adui, na aliyelichukua alikuwa katika jeshi la haki. Lakini yote mawili hayakuwa hoja. Kosa lake ni kutangulia hukumu.

FASILI YA PILI: DESTURI YA MATAIFA

Mataifa yenye manowari yalijiwekea kanuni zao zamani. Waingereza walikusanya nyingi katika sharia yao ya mwaka 1864, na mwendo wake ni kama huu.

Manowari huisimamisha marikebu, na afisa hupanda kutazama hati zake: cheti cha bendera, orodha ya shehena, na barua za mizigo zenye majina ya wapelekaji na wapokeaji. Ikiwa pana shaka, mabaharia wa manowari hutiwa ndani, na marikebu hupelekwa bandarini. Hati zote hukabidhiwa mahakama ya mateka ya baharini, na mali huwekwa chini ya mtumishi wa mahakama. Kitu kinachooza, kama matunda au nyama, huuzwa kwa amri ya hakimu, na fedha zake hukaa mahali pa kile kitu. Kisha wenye mali huitwa kuja kudai, hata wakiwa wageni wa nchi ya mbali. Mwisho hakimu huhukumu: ama mali itwaliwe, ama irudishwe kwa mwenyewe. Asiyeridhika hukata rufani.

Kwa muda mrefu, baada ya hukumu, fedha za ngawira zilikuwa zikigawiwa mabaharia walioikamata. Sharia ya Uingereza ya mwaka 1948 iliikomesha desturi hiyo kwa vita vya baadaye.

Yuko atakayesema: "Mahakama hii ni ya serikali ile ile iliyokamata. Itawezaje kumhukumia mgeni haki yake?" Hoja hii ni nzito, wala haifai kudharauliwa. Hakimu hulipwa mshahara na mmoja wa wagomvi. Basi kinga ya mgeni ni moja tu: hakimu afuate sharia iliyo juu ya pande zote mbili, asifuate amri ya bwana wake. Kinga hiyo ilijaribiwa katika vita vya mwaka 1914.

FASILI YA TATU: SHABA YA MARIKEBU ZAMORA

Zamora ilikuwa marikebu ya Sweden, na Sweden haikuwa vitani. Ilitoka New York kwenda Stockholm, na ndani yake mlikuwa na nafaka na tani 400 za shaba. Mwezi wa Aprili 1915 manowari ya Kiingereza iliisimamisha baina ya visiwa vya Faroe na Shetland, ikapelekwa bandari ya Barrow-in-Furness. Madai ya serikali yalikuwa kwamba shaba ni katika bidhaa zilizokatazwa vitani, kwa kuwa hutengenezewa risasi na mizinga, na kwamba mwisho wa safari ingefika kwa adui.

Kabla ya kesi kuhukumiwa, wizara ya vita iliitaka ile shaba. Wakati huo ilikuwako kanuni iliyotolewa kwa amri ya Mfalme katika baraza lake, isemayo kwamba serikali ikiitaka mali iliyo mikononi mwa mahakama, hakimu hana budi kuitoa, mradi ithaminiwe na serikali iahidi kuilipa thamani yake mahakamani. Hakimu Samuel Evans akaifuata kanuni, na shaba ikatoka.

Wenye mali wakakata rufani katika Baraza la Mfalme, ambalo ndilo baraza rufani za Kenya na Unguja zilikuwa zikifika zama za ukoloni. Tarehe 7 Aprili 1916, katikati ya vita, Lord Parker akaisoma hukumu. Mukhtasari wake ni kuwa mahakama ya mateka huhukumu kwa sharia ya mataifa, na Mfalme hana uwezo wa kuibadilisha sharia hiyo kwa amri yake. Kanuni inayomlazimisha hakimu kuitoa mali bila ya kutazama haina nguvu juu yake.

Haikusemwa kwamba serikali haiwezi kabisa kuitumia mali kama hiyo kabla ya hukumu. Yaliwekwa masharti matatu. La kwanza, pawe na dharura ya kweli ya vita au ya ulinzi wa nchi. La pili, pawe na shauri la haki la kuhukumiwa, isiwe mali ambayo wajibu wake ni kurudishwa hapo hapo. La tatu, hakimu mwenyewe aipime haja hiyo kwa ushahidi, asitosheke na neno la mwenye kuitaka. Katika shauri la Zamora ushahidi wa dharura haukutosha. Kwa hivyo amri ya kwanza ikatanguliwa, na wenye shaba wakaachiwa njia ya kudai fidia.

Wanaoijua tarehe ya Kiislamu watakumbuka khabari ya Samarkandi. Watu wa mji huo walimshtakia Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala mwaka wa 99 hata 101 wa Hijra (717 hata 720), kwamba Kutaiba aliuingia mji wao kwa hila. Khalifa hakusema, "Jambo limekwisha pita, na mji ni wetu." Aliamrisha kadhi asikilize, na kadhi akahukumu jeshi la Waislamu litoke mjini. Watu wa mji walipoiona insafu hiyo wakaridhika kukaa nao kama walivyokuwa.

FASILI YA NNE: WAVUVI WA HAVANA

Mwaka 1898, katika vita vya Marekani na Uhispania, manowari za Marekani zilikamata vyombo viwili vidogo vya uvuvi karibu na Cuba. Kimoja kiliitwa Paquete Habana na cha pili Lola. Ndani yake hamkuwa na silaha, mlikuwa na samaki wabichi. Vyombo vilipelekwa Key West, vikanadiwa: kimoja kwa dola 490, cha pili kwa dola 800.

Shauri likapanda mpaka mahakama kuu ya Marekani. Mwezi wa Januari 1900 mahakama hiyo ilihukumu kwamba ni desturi ya mataifa tangu karne nyingi kutomkamata mvuvi wa pwani anayetafuta riziki yake kwa amani, hata akiwa raia wa adui. Ikaamrisha wenye vyombo walipwe fedha za mnada pamoja na fidia. Mwaka 1907, katika mapatano ya The Hague, yakaandikwa mambo hayo: vyombo vya uvuvi wa pwani na vyombo vidogo vya biashara ya karibu visikamatwe, maadamu havishiriki vitani.

Mvuvi wa ngalawa hapungukiwi na haki yake kwa udogo wa chombo chake. Chombo cha dola 490 kilisimamishwa mbele ya mahakama kuu kama ambavyo ingesimamishwa marikebu ya shehena ya dhahabu.

FASILI YA TANO: KATIKA BAHARI YA PWANI HII

Mambo haya yalipita pia karibu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka Dar es Salaam mwisho wa Julai 1914. Tarehe 6 Agosti iliikamata katika ghuba ya Aden marikebu ya Kiingereza City of Winchester, yenye shehena ya chai, ikaipeleka visiwa vya Khuria Muria, katika bahari ya Omani. Huko ilitwaa makaa ya moto, kisha ikaizamisha. Königsberg haikuwa na bandari ya salama ya kuifikishia ngawira yake. Basi chai yote ikaenda chini. Manowari yenyewe iliishia mtoni Rufiji mwezi wa Julai 1915.

Kinyume cha hiyo ni Rubens, marikebu ya Kiingereza iliyozuiliwa Hamburg vita vilipoanza. Wajerumani waliigeuza jina ikawa Kronborg, wakaipandishia bendera ya Denmark, wakaijaza makaa, bunduki na risasi. Mwezi wa Aprili 1915 iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na manowari Hyacinth ikaipiga. Hata hivyo Wajerumani waliokoa silaha nyingi katika shehena yake, zikatumika barani. Hivyo mali ya mtu ilipelekwa kupigana na watu wa mwenyewe.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Ikiwa mali ni ya adui, kuna haja gani ya hakimu?
Jawabu: Kwa sababu haijulikani kuwa ni ya adui mpaka ithibitike. Katika marikebu moja huwamo mizigo ya watu mia, na mmoja wao tu ndiye adui.

Suala: Serikali iliahidi kulipa thamani ya shaba. Je, si inatosha?
Jawabu: Haitoshi. Ahadi ya kulipa si ruhusa ya kuchukua. Bei hutoka katika kuridhiana au katika hukumu. Mwenye nguvu hawezi kujiidhinishia mwenyewe kwa kuweka fedha mezani.

Suala: Je, dharura haihalalishi?
Jawabu: Dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, na hukadiriwa na asiyekuwa mwenye haja.

KHATIMA

Mwenye kusoma haya asidhani kuwa somo limewalenga wafalme na maamiri peke yao. Msimamizi wa wakfu anayekopa kodi ya nyumba ya msikiti kwa nia ya kurudisha. Walii wa mayatima anayeuza minazi yao kwa bei aliyoikata peke yake. Nahodha anayefungua mzigo wa watu kwa kuwa chakula kimepungua, hali bandari iko mbele yake. Hao wote wamesimama pale pale iliposimama wizara iliyoitaka ile shaba. Kila mmoja ana udhuru wake, na kila mmoja amejifanya kadhi katika shauri lake mwenyewe.

Njia ya kuokoka ni nyepesi kuisema: amwendee kadhi, au watu waadilifu wa mji, aeleze haja yake, akubali hukumu itakayotoka, hata ikiwa ni dhidi yake. Aliyerudisha ukanda wa kiatu alirudisha kitu kisichokuwa na thamani sokoni, lakini alikirudisha angali hai. Midam hakuwahi.

Mwenyezi Mungu awaongoze wenye kushika amana wazifikishe kwa wenyewe. Na Yeye ndiye Ajuaye zaidi.