Baiskeli Mtelemkoni
Tazama mtu ashukaye mlima wa Ibighi kwa baiskeli, nyuma amefunga mikungu ya ndizi. Mwendo wake haukai mmoja. Tuseme mwanzo alikwenda meta 2 kwa sekunde. Baada ya sekunde 6 aenda meta 8. Toa 2 katika 8, zabaki 6. Gawanya kwa sekunde 6, wapata 1. Yaani kila sekunde mwendo waongezeka meta 1 kwa sekunde. Ongezeko hilo huitwa mchapuko.

Akichelewa sekunde 6 nyingine kushika breki, mwendo wafika 14.

Tuseme breki zapunguza 2 kila sekunde. Mwenye mwendo wa 8 atasimama kwa sekunde 4, na kwa kuwa wastani wa mwendo wake ni 4, atapita meta 16. Mwenye 14 atapita meta 49! Naye mtoto avukaye njia yu meta 30 mbele.